Kutafuta Shoti Kwenye Waya za Gari: Balbu au Mita?

Fyuzi ya taa za nyuma inapokatika kila unapoweka mpya, huenda kuna shoti, yaani waya wa umeme unagusa bati la gari. Katika kuitafuta, mafundi hugawanyika: wapo wanaochukua balbu ya wati 21 iliyofungwa waya mbili, na wapo wanaochukua mita ya kupimia umeme.

Kwa gharama balbu inashinda, kwani hata iliyotolewa kwenye gari bovu inatosha. Ukiichomeka mahali pa fyuzi na kuwasha taa, hupitisha takriban ampea 1.75 tu, hivyo waya hauungui, nayo huwaka kwa nguvu zote maadamu shoti ipo. Hapo unatikisa waya hatua kwa hatua. Niliwahi kuufunua mpira wa waya kwenye bawaba za mlango wa nyuma, na balbu ikazimika mara tu nilipouvuta waya uliochubuka, ambao shaba yake ilikuwa inagusa bati. Kwa shoti inayokuja na kupotea, sijaona kifaa bora zaidi.

Mita hudai subira: betri ya gari ifunguliwe na kila taa ichomolewe, kwa sababu balbu iliyopoa husoma chini ya omu 2 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme, na shoti husoma karibu na sifuri), ukadhani ni shoti. Pia ina betri yake ya kubadilishwa. Hata hivyo, kwa gari lenye kompyuta nyingi ningeichagua mita, maana umeme wa balbu unaweza kuharibu vifaa. Waya za mifuko ya hewa usiziguse kwa chochote bila mwongozo wa mtengenezaji.