Nimetumia antivairasi ya simu kwa miezi saba: uzoefu wangu

Mimi ni wakala wa miamala hapa Morogoro, simu ndiyo duka langu. Mteja mmoja aliponiambia kuna virusi vinavyokomba hela kwenye laini, usiku ule sikulala. Kulipokucha nikapakua antivairasi ya bure, na wiki ya pili nikailipia kabisa ili iache kunirushia matangazo yake.

Simu yangu ni Android ya RAM GB 2. Tangu siku ile ikawa nzito. Chaji niliyozoea kufunga nayo saa mbili usiku ikawa inakata saa kumi jioni, mteja kasimama dirishani anasubiri muamala. Kila baada ya muda taarifa inaruka: simu iko hatarini, safisha sasa. Nikisafisha, nusu saa baadaye inarudi ileile.

Mwezi wa tano wa kuitumia yakaanza matangazo ya kamari, yanajaza kioo kizima hata nikiwa naandika namba ya mteja. Nikaichanganua simu kwa antivairasi mara tatu. Alama ya kijani, hakuna tishio. Fundi akataka elfu kumi na tano aiflashi.

Aliyeniokoa ni mdogo wangu. Aliiwasha kwenye hali salama: unashikilia kitufe cha kuzimia, likija neno la kuzima unalikandamiza kwa muda. Hapo programu zote ulizoongeza mwenyewe zinasimama, na matangazo yakakoma palepale. Tukaingia kwenye mipangilio, tukafungua orodha ya programu zenye ruhusa ya kujitokeza juu ya nyingine. Zilikuwa mbili tu: antivairasi niliyoilipia, na programu ya tochi niliyotumiwa WhatsApp kama APK, yaani faili la kusakinisha programu bila kupitia Play Store. Simu ina tochi yake tangu dukani! Tukaifuta ile ya tochi, matangazo hayajarudi mpaka leo.

Mdogo wangu akanifafanulia. Kwenye Android kila programu inakaa chumba chake, haiingii cha mwenzake bila ruhusa. Antivairasi nayo ni programu kama nyingine, haina ufunguo wa nyumba nzima. Kwenye iPhone hairuhusiwi hata kuzichungulia programu nyingine. Na tayari Android ina mlinzi wake wa bure, Play Protect: fungua Play Store, gusa picha yako juu, utaikuta.

Antivairasi nyingine ni utapeli mtupu. Mwaka 2014 Virus Shield iliuzwa Play Store kwa dola 3.99, ikanunuliwa zaidi ya mara 10,000, na kazi yake ilikuwa kubadilisha alama ya kosa kuwa ya vema, basi. Mwaka 2019 maabara ya AV-Comparatives ya Austria ilipima antivairasi 250 za Android. Zilizonasa zaidi ya asilimia 30 ya programu hatari bila kusingizia zile salama zilikuwa 80. Zipo zilizonasa zote, siwezi kuzinyima haki yake. Kama kazi yako inakulazimisha kupakia APK za nje kila mara, tafuta mojawapo ya hizo.

Mimi nimeifuta yangu. Chaji imerudi kufika usiku. Sasa nakubali masasisho ya usalama yakija, APK za WhatsApp sizigusi, na programu ikiomba ruhusa isiyohusiana na kazi yake nainyima.

Hela za watu ninaowahudumia, kwa nilivyoona dirishani, haziibwi na virusi. Zinaondoka kwa ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii", au kwa mtu anayepiga akijifanya huduma kwa wateja na kuomba namba ya siri. Juzi mama alipata ujumbe huo. Alinipigia kwanza, tukatuma neno UTAPELI kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, tukaiandika namba ya yule tapeli. Kisha nikapiga *106# kwenye simu yake tuone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Ilikuwa moja, ya kwake.