Uzoefu Wangu: Kituo Kilichotaka Nifaulu Fasihi Bila Kusoma Kitabu

Nilikusudia kuandika maneno machache tu ya kuwatahadharisha wenzangu wanaojiandaa na mtihani wa Kiswahili wa Kidato cha Sita, hasa karatasi ya pili ambayo ndiyo ya fasihi, lakini kila ninapokumbuka yaliyonipata katika kituo kimoja cha tuisheni hapa Dar es Salaam, hasira inanipanda upya. Jina lake sitalitaja. Mimi ni mtahiniwa wa kujitegemea, mchana niko kazini, jioni nina mtoto wa kulea, na nilirudi kwenye masomo kwa sababu nataka kusomea ualimu. Mtu wa hali yangu hana mwalimu wa shule wa kumkimbilia, kwa hiyo anapolipa ada ya kituo huwa amekabidhi na matumaini yake.

Habari za ada na ratiba ziko kwenye bango lao, sina haja ya kuzirudia. Ugomvi wangu ni juu ya mstari mmoja.

Katika notisi za riwaya tulizouziwa mlangoni, nakala hafifu ambazo maneno ya ukingoni hayakutoka kabisa, uchambuzi wa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ulieleza kwamba Mwajuma ni mama mdogo wa Yasmin na kwamba alimpokea kwa ajili ya udugu wa damu. Riwaya hiyo nilikuwa nimekwisha kuisoma, kwenye daladala na usiku mtoto akishalala, na nilijua kuwa maelezo hayo si ya kweli. Yasmin ni binti wa Kihindi anayeozwa akiwa mdogo kwa Bwana Raza, mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali, na anapoikimbia ndoa hiyo, walio damu yake ndio wanaomkataa. Anayemfungulia mlango ni Mwajuma, mwanamke Mswahili wa mtaa wa Ng'ambo, mjini Zanzibar, asiye na udugu naye hata chembe. Mwandishi ameiweka hadithi katika Zanzibar ya ukoloni, ambako watu waligawanywa kwa rangi, kwa asili na hata kwa mitaa wanayoishi, na ni kwa sababu hiyo urafiki wa wanawake hawa wawili una uzito. Ukimfanya Mwajuma kuwa mama mdogo, hakuna tena mpaka uliovukwa, na uasi wa Yasmin unageuka kuwa safari ya kwenda kwa jamaa. Hoja za utabaka, ubaguzi na ukombozi wa mwanamke, ambazo notisi zilezile zilizitaja kwa herufi kubwa, zinabaki bila mguu wa kusimamia.

Nilinyoosha mkono. Mwalimu alikuwa kijana ambaye kwa umri ningeweza kumwita mdogo wangu, lakini nilimpa heshima ya kazi yake: "Samahani, Mwalimu, hapa imeandikwa kwamba Mwajuma ni mama mdogo wa Yasmin, lakini kwenye kitabu ni rafiki yake tu." Nilikuwa nimekifungua kitabu penye sehemu hiyo na kidole kimeshika mstari. Hakukitazama. "Dada, wewe umekuja kufundisha au kufundishwa?" Darasa zima likaangua kicheko. Nilipomsihi asome aya moja tu, akanikata kauli: "Hapa tunatafuta alama. Kitabu utakisoma ukishafaulu." Kisha akaagiza hoja ile inakiliwe kama ilivyo, na wasio na muda akawashauri watazame filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021. Filamu yenyewe sina neno nayo, ni kazi ya sanaa yenye haki yake, lakini swali la mtihani linauliza riwaya.

Kauli ile ndiyo iliyonikosesha usingizi. Maswali ya karatasi hii kwa kawaida humtaka mtahiniwa achukue kazi mbili na kutetea hoja kutoka katika kila moja, na hoja husimama juu ya tukio lililomo kitabuni. Aliyekariri tukio ambalo halimo ataandika insha ndefu yenye mwandiko mzuri na bado atapoteza alama. Vijana waliokuwa wakinicheka walikuwa wakiandika kosa lile kwenye madaftari yao wakati huohuo, na wengi wao ada imelipwa na wazazi wasio na uwezo. Kwa hilo nasema bila kusita kwamba kituo kile hakifai.

Hata hivyo, ingekuwa dhuluma nisimtaje mama aliyetufundisha ushairi siku za Jumamosi. Yeye hakuwa na notisi za kuuza. Alikuja na diwani ya Kimbunga ya Haji Gora Haji, iliyochakaa kwa kupekuliwa, akatusomea shairi lililobeba jina la kitabu kwa sauti ya kughani, kisha akatuuliza kwa nini mibuyu ing'olewe na minazi inusurike. Hakuna aliyeruhusiwa kujibu bila kuonyesha ubeti. Alitoa nakala za taarifa ambazo Baraza la Mitihani huchapisha kuhusu majibu ya watahiniwa, zenye mifano ya majibu mazuri na dhaifu, akatutaka tueleze wenyewe jibu dhaifu limepungukiwa na nini. Kwenye insha yangu aliandika kwa kalamu nyekundu: "Hoja ni nzuri, mwanangu, lakini shairi liko wapi?" Kwa ajili yake nilianza kufikiri kwamba labda kituo nilikuwa nakionea.

Baadaye vipindi vyake vilipunguzwa. Nilipouliza ofisini niliambiwa kwamba wanafunzi wanataka notisi, na kwamba mama yule anachelewesha mada. Kwa hiyo aliyekuwa akifundisha ndiye aliyebanwa, na aliyekataa kutazama kitabu akaongezewa saa. Narudisha wema wote niliokuwa nimeanza kukisemea kituo hiki.

Mtihani nilifanya mwezi Mei, riwaya niliijibu kwa kile nilichokisoma mwenyewe, na daraja nililopata ni zuri. Sasa daraja hilo limebandikwa kwenye bango lao miongoni mwa "matunda ya kituo". Nimewaomba waliondoe, wakaniambia kwamba nilikuwa mwanafunzi wao na nilisaini daftari la mahudhurio. Atakayepita pale akaliona bango, aulize kwanza kama mwalimu wa ushairi bado yupo na anafundisha siku gani. Akiambiwa hayupo, fedha yake anunulie vitabu vyenyewe, na taarifa za Baraza azisome bure kwenye tovuti yao.