Valgrind ilinitoa kwenye waya, ikanirudisha kwenye memcpy

Siku tatu nilikuwa naisingizia waya ya mita kwa data iliyokuwa ikifika imevurugika. Nilishanunua mbili mpya Kariakoo, na tatizo liko palepale.

Programu yangu ya C inapokea vipimo vya mita za maji, inaviweka kwenye bafa moja (sehemu ya kumbukumbu ya kushikilia data kwa muda), na ikishasoma ujumbe wa kwanza inasogeza baiti zilizobaki ziende mwanzo wa bafa. Nilikuwa nasogeza kwa memcpy, fanksheni ya C ya kunakili baiti. Kwenye mashine ya zamani ilikwenda miezi bila kasoro. Tulipohamia mashine mpya, ujumbe wa pili ukaanza kutoka umevurugika, tena si kila mara: ni pale tu mita mbili zilipojibu kwa kufuatana.

Mwenzangu kazini akaniambia, "Kaka, achana na waya, ipitishe kwenye Valgrind." Ni zana inayoendesha programu yako huku ikikagua inavyotumia kumbukumbu. Nikakompaili upya na -g (ili namba za mistari zihifadhiwe), nikaendesha. Mara ya kwanza tu ikanitajia faili na namba ya mstari: chanzo na mahali pa kunakilia vimepandana, yaani baadhi ya baiti zimo kwenye vyote viwili.

Nilibisha. Kwenye laptop yangu majibu yalikuwa sahihi kabisa! Ndipo nikachukua karatasi. Andika MAJINI, baiti 6. Toa mbili za mwanzo, sogeza nne zilizobaki: unataka JINI. Memcpy ikianza kunakili kutoka mbele, unaipata. Ikianzia nyuma, N inaikalia J kabla J haijanakiliwa, na unaishia na NINI. Memcpy haijawahi kuahidi itaanzia upande gani. Anayeahidi kutunza vipande vilivyopandana ni fanksheni nyingine, memmove. Mwaka 2010 watumiaji wa Fedora 14, toleo la Linux, walisikia sauti za Flash (programu ya video na sauti kwenye kivinjari) zikikwaruza kwa sababu hiyohiyo, baada ya glibc, maktaba ya C ya Linux, kubadilisha namna memcpy inavyonakili.

Ninachoipendea Valgrind ni kwamba haisubiri data iharibike. Inaweka memcpy yake badala ya ile ya mfumo na kukagua anwani zenyewe, kwa hiyo inakukamata hata pale bahati inapokubeba.

Kasoro zake zipo. Ni nzito: mwongozo wake wenyewe unasema programu inaweza kwenda polepole mara 20 hadi 30, na kwangu mita zilikuwa zinakata tamaa kabla sijajibu, ikabidi nirekodi data kwenye faili na kuilisha kutoka huko. Pia ukinakili kupita mwisho wa safu iliyo kwenye steki (kumbukumbu ya vigezo vya ndani ya fanksheni), mara nyingi Memcheck, kikaguzi cha kumbukumbu cha Valgrind, inakaa kimya. Hapo natumia -fsanitize=address ya kompaila ya GCC, ambayo ni nyepesi zaidi na kosa hilo inalikamata, ila lazima ukompaili upya.

Ni ya bure, na nimeipa nyota nne. Ya tano imeondoka na ule uzito. Waya moja bado iko kwenye mfuko wake, anayeihitaji aseme.