Uzoefu wangu: mimea inayokula inzi, boksi la viatu na basi la usiku kutoka Arusha

Kwa miezi 16 sasa nimekuwa nikituma mimea inayokula wadudu kwa wapenzi wenzangu wa mimea hii walioko Dar, Tanga, Dodoma na Mbeya. Vifurushi 14. Vilivyofika salama ni 11. Vitatu viliharibika, na viwili kati ya hivyo niliviua mwenyewe, mezani kwangu, kabla basi halijawasha injini. Kila wiki kuna mtu ananiuliza natumaje, kwa hiyo leo naeleza yote, pamoja na bei na aibu.

Kwa asiyeijua: ninazo aina nne. Drosera capensis, ya Rasi kule Afrika Kusini, majani yake yamejaa vinywele vyenye matone ya gundi, na mbu akitua ndiyo basi tena. Dionaea ni ile yenye mdomo unaofumba, kwao ni majimbo ya Carolina huko Marekani. Sarracenia, nayo ya Marekani, ina mirija iliyosimama wima, inzi wanaingia hawatoki. Na Nepenthes ya vibuyu vinavyoning'inia, wengi wao wa Asia ya Kusini-Mashariki, ingawa wana ndugu Madagaska na Shelisheli. Watu hudhani mambo haya ni ya ughaibuni tu, kumbe Drosera wako porini hapahapa Tanzania, kwenye sehemu za majimaji. Nimetaja ili mjue, si ili mwende kuwang'oa.

Arusha ni mahali pagumu kuanzia, na hili lilinichukua muda kulielewa. Udongo wetu wa volkano unaolisha migomba na kahawa hadi inanenepa, kwa mimea hii ni sumu. Imezoea ardhi yenye asidi na lishe kidogo mno, ndiyo maana ikatafuta njia ya kula inzi. Maji nayo hivyohivyo. Anayekaa chini ya Meru anajua habari ya floridi, anaiona kwenye meno ya wazee. Nilinunua kipima madini kidogo cha mkononi: maji yanayofaa yasome chini ya 50 (ppm, yaani miligramu kwa lita). Ya bomba nyumbani kwangu yalisoma zaidi ya 300. Tangu siku hiyo nakinga ya mvua kutoka kwenye bati, pipa mbili, masika nazijaza na vuli naziongezea. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi naiacha ipite, inasafisha vumbi la paa.

Sasa kugawa. Dionaea ikikaa miaka miwili mitatu kwenye kopo moja inazaa watoto pembeni, sawasawa na mgomba. Mimi husubiri mwishoni mwa Agosti, baridi ya Juni na Julai ikishalegea na mmea haujaanza kukua kwa kasi. Naizamisha kopo zima kwenye beseni la maji ya mvua, udongo unaachia wenyewe, kisha natafuta tunguu, kitu cheupe chenye magamba kama kitunguu kichanga. Napapasa panapoachana, navuta taratibu. Mtoto aliyekomaa anaachia na mizizi yake mwenyewe. Asiyeachia namwacha kwa mama yake mwaka mwingine, sitii kisu. Jani likichomoka na kitako chake cheupe silitupi, nalilaza juu ya udongo wenye unyevu na baada ya miezi kadhaa linaweza kutoa mche.

Mizizi ya Dionaea ni myeusi. Narudia: ni myeusi ikiwa hai. Mara ya kwanza nilidhani imeoza, nikaichukulia mkasi nikaikata yote, nikajisifu kwa usafi. Mzizi mzima ni mkakamavu na ncha yake ina weupe. Uliooza unapondeka vidoleni.

Sarracenia ndiyo inayotaka kisu, kilichofutwa kwa spiriti, na kila kipande lazima kiwe na jicho na mizizi yake. Drosera capensis haihitaji hata darasa. Mwaka jana nilizing'oa zote kwenye chungu kimoja nikazituma Dodoma, nikaacha chungu tupu nyuma ya nyumba. Baada ya wiki kama sita vilichomoza vichwa saba. Mizizi iliyokatikia mle ndani ilikuwa imeamua kuanza upya bila kuniuliza.

Kwenye udongo nilipigwa. Nilienda duka la pembejeo nikanunua piti ya miche, ule udongo mwepesi wa mabaki ya mimea. Piti nzuri kweli, ile wanayojazia trei za nyanya na hoho, na ubaya wake ni huo huo: imeshachanganywa chokaa na mbolea. Ndani ya wiki tatu Drosera 9 zilikuwa zimekuwa nyeusi kama majani ya chai. Nikarudi kuukagua mfuko, NPK, yaani mbolea, imeandikwa pale waziwazi kwa herufi kubwa. Siwezi kumlaumu muuzaji, sikuuliza. Siku hizi naomba piti ghafi isiyoongezwa kitu, na kama hawana narudi nyumbani mikono mitupu. Nachanganya mafungu mawili ya piti na moja la pelaiti, zile punje nyeupe nyepesi, nasuuza kwa maji ya mvua, napanda. Kokopiti, ile ya makumbi ya nazi, nayo ina chumvi. Nimeitumia kwa Nepenthes tu, na nimeisuuza hadi nikachoka.

Basi, vifo vile vitatu.

Cha kwanza kilikwenda Tanga kwa mwalimu mmoja. Nilituma na chungu chake na udongo wake, nikakimwagilia vizuri kama mtu anayemfungia mgeni chakula cha njiani. Njiani boksi lililala kichwa chini. Udongo uliolowa ukahamia juu, mche ukazikwa. Cha pili kilikwenda kwa mwalimu yuleyule, kama fidia. Safari hii nilitoa udongo wote, nikafunga mizizi kwa tishu iliyokuwa inachuruzika maji, nikafungia kwenye kopo la aisikrimu lenye mfuniko wa kubana, nikatuma kwa basi la mchana mwezi Machi. Alinipigia jioni: "Dada, asante, lakini huu mchicha mbona umeshachemshwa?"

Cha tatu nilikipeleka kampuni ya vifurushi vya haraka, nikiamini nalipia ubora. Shilingi 18,000. Nilikabidhi Alhamisi asubuhi, kikakaa ghalani kwao Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, Jumatatu kikapanda gari, kikafika Jumanne. Kilikuwa kimefungwa sawasawa, na bado siku tano gizani kwenye joto zilitosha. Nilijaza fomu ya malalamiko. Fomu nyingine ikaja ya kuthibitisha ile ya kwanza. Nikaacha.

Kilichonifungua macho ni kwamba mimea hii haifi kwa kutikiswa wala kwa kukaa siku mbili bila udongo. Inakufa kwa joto na maji yaliyotuama kwa pamoja. Tunguu la Dionaea na la Sarracenia limejaa akiba, na likiwa na unyevu kidogo linastahimili. Sisi ndio tunaolimwagilia mpaka linaoza, kwa huruma.

Kwa hiyo nafanya hivi. Siku ya safari, jioni, naosha udongo wote kwenye mizizi. Nachukua sfagnamu, ile mosi ndefu iliyokaushwa, nailowesha kisha naikamua kwa nguvu zote, mpaka nikibana hakuna tone linalotoka. Naizungushia mizizi tu, majani yanabaki makavu. Juu yake plastiki laini ya kufungia vyakula, izunguke sehemu ya mizizi peke yake. Jina la mmea naandika kwa penseli kwenye kipande cha tepu, maana wino unayeyuka na mpokeaji anabaki kubahatisha. Halafu chupa ya maji ya lita moja na nusu: naikata shingo, natoboa matundu manne, naingiza mmea ndani na vipande vya gazeti vilivyokunjwakunjwa visiuache ucheze. Chupa mbili au tatu zinaingia kwenye boksi la viatu. Vifuko vya plastiki vilipigwa marufuku Juni 2019 na wengi tulilalamika kwamba hatuna cha kufungia, lakini chupa inafanya kazi vizuri kuliko mfuko ulivyowahi kufanya, haibonyei.

Nepenthes siitumi nzima. Nakata pingili mbili tatu za shina, napunguza kila jani nusu ili lisipoteze maji, ncha ya chini naifunga kwenye sfagnamu. Dada mmoja wa Kigamboni alipokea pingili nne, tatu zimeshika, na joto lao la pwani zimelipenda kuliko baridi yangu ya Njiro.

Basi lenyewe ni la usiku. Tangu mabasi ya usiku yaruhusiwe tena, maisha ya kifurushi yamekuwa mengine kabisa. Linaondoka Arusha jioni, njia yote ya Same, Korogwe na Chalinze linapita kukiwa na ubaridi, na asubuhi mpokeaji anachukua mzigo wake Dar, Mbezi au Shekilango, kabla jua halijakaza. Nalipa 6,000 kwa boksi moja. Mbeya ni mbali zaidi, nalipa zaidi, na huko natuma Dionaea na Sarracenia tu.

Mara ya kwanza dirishani, karani aliuliza kuna nini ndani. Nikasema mimea. Akaniangalia. "Mimea gani hiyo ya kusafiri usiku, mama?" Akaita mwenzake, boksi likafunguliwa, chupa zikatolewa mbele ya foleni nzima. Nikaeleza kwamba inakula inzi. Babu mmoja nyuma yangu akasema basi wangeiweka vyooni hapa stendi, ingeshiba. Siku hizi sifungi boksi kwa tepu mpaka karani ameona, na naandika juu "MIMEA HAI, USIWEKE JUANI", namba ya simu ya mpokeaji pande mbili.

Jambo moja msilisahau: buti la nyuma kabisa. Mabasi mengi injini iko nyuma, na buti la huko lina joto la jiko. Mwombe konda aweke boksi mbele, karibu na kiti chake. Mmoja alikataa, nikampa 1,000 ya soda, akakubali kwa moyo mkunjufu.

Nalipatia basi nyota nne kati ya tano. Nyota ninayoinyima ni ya risiti, inayosema hawahusiki na chochote kinachoharibika, na ya simu ya ofisi ya Dar ambayo haipokelewi kabla ya saa mbili asubuhi wakati mzigo umeshafika alfajiri.

Kwa anayepokea: fungua siku hiyohiyo, panda kwenye piti ghafi, weka sahani ya maji ya mvua chini, kivulini chenye mwanga kwa wiki moja kabla ya kuusogeza polepole juani. Drosera itafika bila matone yake ya gundi, yatarudi baada ya siku chache. Mitego ya Dionaea itafika imefumba. Vinywele vya ndani vikiguswa mara mbili ndani ya sekunde 20 hivi mdomo unafumba, na barabara ya Korogwe inagusa zaidi ya mara mbili. Usiifumbue kwa vidole. Usiilishe nyama. Kuna mtu aliilisha kipande cha mshikaki.

Wapo niliowakatalia. Dionaea siitumi Dar, hata ukinibembeleza, kwa sababu inahitaji msimu wa baridi ya kupumzika na Dar haina. Itaishi mwaka, itadhoofika, utasema nilikuuzia kibovu. Rafiki wa Nairobi naye alitaka Sarracenia, akasema si ni basi hilohilo la Namanga. Si hilohilo. Kuvuka mpaka kunataka cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka yetu ya afya ya mimea, kibali cha KEPHIS, wakaguzi wa mimea wa Kenya, upande wa pili, na Sarracenia, Dionaea na Nepenthes zote ziko kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Kwa mche wa shilingi elfu kumi na tano, nilimwambia aje likizo aione tu.

Yule karani wa dirishani mwishowe aliniomba Drosera yake. Nimempa, iko kaunta, karibu na mashine ya risiti, na inzi wa stendi hawaishi. Tatizo anaimwagilia maji ya bomba. Nimemwambia mara mbili. Alhamisi nampelekea chupa ya mvua.