Hina ya Marikiti, Mombasa: muuzaji anajua maana ya anachouza

Jamani nimepata hina ya kweli na lazima niseme. Wiki ya harusi ya dadangu niliingia duka moja la viungo pale Marikiti nikaomba hina nyeusi, mzee wa duka akaniambia "mwanangu, hina nyeusi hakuna, hiyo unayotaka ni piko".

Akanieleza huku anapima. Hina ni mti, Waarabu wanauita hinnaa na sisi tukachukua jina na majani yake, mti tukauita mhina kama vile mwembe na embe, hata Wahispania wana alheña na ile al ya Kiarabu imo humo humo. Wahindi ndio wana neno lao, mehndi. Kwa hiyo neno hina maana yake ni hilo jani, si rangi yoyote inayochorwa mkononi, na jani hilo halitoi weusi hata ulifanyeje. Piko ni rangi ya nywele, ina PPD, ile kemikali ya kutia weusi, Ulaya hairuhusiwi kupakwa kwenye ngozi kabisa. Mimi nilinyamaza tu kwa sababu mwaka jana nilichorwa "hina nyeusi" saluni fulani nikatoka malengelenge mkono mzima, alama ya ua bado ninayo, na muda wote nilikuwa naambia watu hina imenichoma, kumbe naisingizia!

Haya, unga wenyewe. Robo kilo shilingi 200, kijani, unanukia majani makavu. Nikachanganya na ndimu, chai ya rangi na mafuta ya karafuu kidogo nikalaza mpaka asubuhi. Kasoro ni moja, una vijiti vijiti na koni iliziba mara tatu mchoraji akakasirika, ikabidi tuuchekeche tena kwa mtandio, mzee angeuchekecha vizuri zaidi ningempa nyota zote tano, nampa nne. Dadangu alikaa nayo saa sita, kubandua ikatoka rangi ya chungwa akaanza kulia eti haijakolea, nikamwambia subiri, na siku ya pili jioni ikawa damu ya mzee, viganja vimeiva mashaallah, vidole mpaka kwenye kucha.

Hakuna aliyewashwa hata mmoja, na tulipaka watu tisa pamoja na watoto.

Mkienda ombeni hina tu, rangi msitaje.