Kusikiliza kwa Vipindi au Kurekodi Mfululizo Wakati wa Uchungu

Hakuna kati ya njia hizi mbili za kumfuatilia mtoto tumboni wakati wa uchungu inayopima oksijeni yake yenyewe. Zote huikisia kupitia mapigo ya moyo wa mtoto, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 110 na 160 kwa dakika. Katika kusikiliza kwa vipindi, mkunga huweka fetoskopu (chombo cha kusikilizia mapigo ya mtoto) au kifaa cha Dopla (kinachotumia mawimbi ya sauti) tumboni kila baada ya dakika 15 hadi 30, na kila dakika 5 mama anapofikia kusukuma, akizingatia hasa mkazo wa tumbo la uzazi unapoachia, kwani ndipo mapigo yaliyoshuka na kuchelewa kurudi kwenye hali ya kawaida hujitokeza. Mashine ya kurekodi hufungwa tumboni kwa mikanda miwili na kuchora mapigo bila kukoma, ingawa mara nyingi humfunga mama kitandani.

Majaribio yaliyohusisha zaidi ya wanawake 37,000 yalionyesha kwamba, ikilinganishwa na kusikiliza kwa vipindi, mashine ilipunguza degedege la watoto wachanga kwa takriban nusu, jambo lisilo dogo, lakini haikupunguza vifo wala mtindio wa ubongo, huku upasuaji wa kujifungua ukiongezeka. Mchoro wa kutia shaka mara nyingi hutoka kwa mtoto mzima kabisa, na visa vingi vya mtindio huanza kabla ya uchungu. Kwa mama mwenye afya njema, naafiki pendekezo la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2018 la kusikiliza kwa vipindi; mashine itengewe mimba zenye hatari.