Nyota moja kwa programu ya Kihispania isiyoona mkazo

Somo la wakati ujao ndilo lililonichefua. Mengine yote kwenye programu hii ya simu ningeyavumilia, hata kile kikatuni kinachopiga makofi kila dakika. Lakini haioni alama za mkazo! Ukiandika hablará unapata. Ukiandika hablara, unapata vilevile, na kijani kinawaka: "Hongera!"

Hongera ya nini? Hablará ni "atasema". Hablara ni umbo jingine kabisa, lile la si hablara, "kama angesema".

Kwa sisi wa Kiswahili hiyo ni sumu. Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ulimi ukikuta hablara unatamka ha-BLA-ra bila kuuliza. Na Kihispania nacho huweka mkazo hapohapo neno likiishia kwa irabu, n au s. Alama ndiyo inayousukuma hadi mwisho. Ukiiondoa, wakati ujao umekufa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kanuni yenyewe ni nyepesi. Chukua kitenzi kizima, usikate -ar, -er wala -ir, kisha bandika mwishoni é, ás, á, emos, éis, án. Hablaré, comerás, vivirá: makundi yote matatu, viishio vilevile. Vitano vina alama. Kimoja tu hakina, hablaremos, kwa sababu mkazo tayari umeangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Programu inapokea hata hablarémos. Ukikata -ar kwa mazoea ya wakati uliopo unapata hablé, yaani "nilisema", na ahadi ya kesho inageuka habari ya jana. Angalau kosa hilo wanalikamata.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu: "Mpendwa mteja, alama hizo ni mapambo tu, muhimu ni kueleweka." Mapambo! Compro ni "nanunua", compró ni "alinunua". Nani kanunua sasa, mimi au yeye?

Haya, haki yao niwape. Sauti ni safi sana. Comeré inatamkwa mpaka unasikia mkazo ukigonga mwisho kabisa, ha-bla-RE-mos unasikia umerudi nyuma. Vitenzi vinavyobadili shina, tendré, saldré, podré, haré, diré, wameviweka baada ya vile vya kawaida, na wanaonyesha kuwa viishio havibadiliki hata huko. Hapo wamefikiri. Nilishakuwa natoa nyota tatu, na nilikuwa tayari kumshauri mtu alipie.

Kisha likaja zoezi la kufunga somo: "watakula". Nikabonyeza a, nikaishikilia mpaka á ikatokea, nikaandika comerán. Ikakubali. Chini yake wakaweka jibu lao la mfano: comeran. Bila alama! Neno hilo halipo hata kwenye njeo nyingine; la "kama wangekula" ni comieran. Yaani wao wenyewe hawajui wanachouza.

Nyota moja, na hiyo ni ya sauti. Kama umeshalipa, sikiliza tu, maswali ya kuandika yaruke, nafsi zote sita ziandike kwa mkono daftarini ukitamka kila moja. Mimi pesa yangu bado naidai.